"Kuyeyuka" na "Kumumunyika": Uhakiki wa Istilahi za Mmumunyo

Sentensi "chumvi huyeyuka katika maji" haina kasoro katika mazungumzo. Katika kitabu cha kemia, hata hivyo, yafaa ihakikiwe. Samli huyeyuka kwa joto. Chumvi ya mezani haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 801 za Sentigredi. Katika maji, chumvi humumunyika. Mfasiri anayetumia kitenzi kimoja kwa mambo haya mawili humpotosha mwanafunzi.

Tutazame chumvi iliyoachwa wazi jikoni huko Magindu, mkoani Pwani, wakati wa masika. Huonekana imelowa. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa "imeyeyuka" atatafuta joto lililoiyeyusha, asilipate. Ukweli ni kwamba kila chembe imevikwa utando wa mmumunyo uliokolea. Chumvi haigeuki mvuke, nayo huyapunguzia maji wepesi wa kuponyoka. Hivyo kanieneo ya mvuke juu ya mmumunyo huo ni kama robo tatu tu ya ile iliyo juu ya maji safi yenye joto lile lile. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, maji yanayoingia katika utando huzidi yanayotoka. Kwa asili hiyo hiyo, maji ya mashamba ya chumvi huko Bagamoyo hukauka polepole zaidi kadiri yanavyokolea.

Kanuni ya jambo hili ilielezwa na Mfaransa François-Marie Raoult katika miaka ya 1880. Kuifasiri kunahitaji istilahi tatu zisizogongana. Wako wanaoandika "kiyeyushi" na "kiyeyusho", maneno yanayotofautiana kwa irabu moja tu, wala sikio la darasani haliwezi kuyatenga. Bora "kimumunyishi" kwa maji na "kimumunyishwa" kwa chumvi: anayejua mwajiri na mwajiriwa hatauliza nani atenda na nani atendwa.

Ama "mgandamizo", neno hili limezoeleka katika taarifa za hali ya hewa, nasi hatudai lifutwe huko. Lakini hudokeza kitu kinachobanwa, hali mvuke juu ya sufuria iliyo wazi haubanwi na mtu. "Kanieneo" ni geni masikioni, lakini hubeba fasili yake: kani juu ya eneo. Mwalimu atalieleza mara moja, na halitamsaliti tena.

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa swali ambalo mwanafunzi ataweza kulijibu kwa kuitumia.