Mtande wa pamba, mshindio wa magugu maji

Chukua kitambaa cha meza cha magugu maji, mfano wa vile vinavyouzwa Kisumu, ufumue ukingo wake kwa sindano. Nilifanya hivyo kwa kitambaa changu, nikatenga nyuzi mafungu mawili. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda urefu wa kitambaa, zilikuwa pamba tupu. Magugu yalikuwa kwenye mshindio peke yake, nyuzi zinazopitishwa kushoto na kulia. Muuzaji aliniambia kitambaa ni cha magugu. Hakudanganya, ila hakumaliza.

Simlaumu fundi. Kwenye kitanda cha kufumia, mtande ndio unaokazwa kutwa nzima, na ndio unaosuguliwa kila uzi mpya unapopigwa ukae mahali pake. Mshindio unalala tu pale ulipowekwa. Kikonyo cha gugu maji hakiiwezi kazi ya kwanza. Kikate uone: ndani ni sponji, vyumba vya hewa vinavyoufanya mmea uelee. Nyuzinyuzi zake ni fupi na dhaifu, si kama za mkonge zinazofika mita moja. Ndiyo maana wanaotaka uzi mwembamba wa magugu huyachanganya na pamba au polista.

Ustadi unaanzia majini, kwenye kuchagua. Gugu lililopata nafasi huota vikonyo vifupi vilivyovimba kama vitunguu, na hivyo havifai. Yaliyosongamana hugombea mwanga, vikonyo vikarefuka na kunyooka, vingine vikakaribia mita. Hivyo ndivyo vinavyokatwa, majani na mizizi vikabaki ufukweni. Baada ya hapo ni kazi ya jua. Mmea huu ni maji kwa asilimia 90 hadi 95, kwa hiyo kilo 100 mbichi zinakuachia kilo 5 hadi 10 tu kavu. Anayepakia magugu mabichi kwenye lori anasafirisha ziwa. Vikonyo huanikwa kwenye chanja na kugeuzwageuzwa mpaka viwe kahawia. Vikifungwa kabla ya kukauka sawasawa ukungu unaingia, na madoa yake hayatoki hata ufue vipi. Vikishakauka hunyunyiziwa maji kidogo vilainike, vikapasuliwa, vikabanwa, vikasokotwa.

Wauzaji hupenda kusema kila kitambaa kinasafisha ziwa. Mmea huu wa Amerika Kusini ulionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hali ikiuruhusu huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Ulipopungua mwishoni mwa miaka ya 1990, sifa ziliwaendea fukusi wa jenasi Neochetina, walioachiliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997, na hali ya hewa ya El Niño. Vitambaa havikutajwa. Mfumaji anapata riziki yake, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kufuma.

Kwenye rangi anaingia mgeni wa pili, muwati, mti wa Australia uliozagaa katika nyanda zetu za juu. Njombe kuna kampuni ya TANWAT, iliyoanza mwaka 1949, ikipanda miwati kwa ajili ya magome yake, ambayo tanini yake hutumika viwandani kusindika ngozi. Tanini hiyohiyo ndiyo anayoitafuta mtia rangi. Shabu, inayoshikiza rangi kwenye uzi, ikiwa peke yake hushika vizuri kwenye sufu, lakini pamba na magugu huikataa. Tanini haikataliwi. Basi kitambaa huloweshwa kwanza kwenye maji ya magome, kisha kwenye shabu, ndipo kwenye rangi: tanini inaukamata uzi, shabu inaikamata tanini, rangi inaikamata shabu. Kwa muwati mara nyingi hata hatua ya mwisho haihitajiki, maana magome yenyewe yana kahawia inayoelekea wekundu, na hukolea zaidi ikikaa kwenye mwanga.

Nilijaribu jikoni, magome gramu 200 kwa kitambaa cha gramu 100, moto mdogo, kisha nikaacha vilale humo usiku kucha. Pamba ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Magugu, ambayo tangu mwanzo yalikuwa kahawia, yalikolea kama ugoro, na kitambaa kikawa na mistari ambayo hakuna aliyeipanga. Kipande kimoja nikakitumbukiza kwenye siki iliyolowekwa misumari yenye kutu. Kabla sijamaliza kuosha sufuria kilikuwa kimegeuka kijivu kizito, chuma kimekutana na tanini.

Wageni wote waliofika nyumbani walikisifia hicho cha kijivu. Shida ni kwamba chuma hula nyuzi za mimea polepole. Vipande vyote nimevifua kwa sabuni ileile, na cha kijivu ndicho kilichoanza kukatika. Kilianzia kwenye magugu. Pamba bado imeshikilia.