Heko kwa Wabisha Hodi

Mafundisho yao siyakubali yote, lakini wamisionari vijana wa Kimormoni nawavulia kofia. Mfikirie kijana wa Utah mwenye miaka 19, aliyezoea kufuliwa nguo na mama yake, anapelekwa Japani kwa miaka miwili, tena bila mshahara. Kituo cha mafunzo ya wamisionari cha Provo kimempa wiki chache tu za Kijapani. Asubuhi anasoma, kisha anabisha hodi nyumba kwa nyumba na mwenzake ambaye hakujichagulia. Milango mingi haifunguki. Hapo ndipo anapojifunza kupika, kupatana na mtu anayekoroma, na kukataliwa bila kununa. Hadi 2019 kijana kama huyu aliruhusiwa kupiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Mama tu. Sasa ni kila wiki, na nadhani akina mama ndio walioshangilia zaidi.