Shaba Ilivyopigwa Njumu Ndani ya Chipu

Fundi wa njumu huchimba mchoro kwanza, hutia fedha ndani yake, kisha husugua mpaka uso uwe sawa. IBM walipotangaza Septemba 1997 kwamba wameweza kutengeneza chipu zenye nyaya za shaba, walikuwa wamefanya hivyo hivyo. Hata jina la Kiingereza la mbinu yao limetoka Dameski, mji uliovuma kwa njumu.

Nyaya za zamani zilikuwa za alumini. Utando wake ulitandazwa, kisha klorini ikaachiwa ile pasipotakiwa. Viwili hivyo vikikutana hugeuka mvuke na kuondoka. Shaba haiondoki kirahisi hivyo. Tena ni sumu kwa silikoni: atomi zake hupenya upesi na zikifika kwenye transista huiharibu. Walioivumilia walikuwa na sababu: ukinzani wake uko chini ya ule wa alumini kwa karibu asilimia 40, na mkondo mkali wa umeme hauzisukumi atomi zake kwa wepesi ule wa alumini.

Basi mpango ukapinduliwa. Mifereji ilichimbwa kwenye oksaidi ya silikoni, kuta zake zikapakwa tantalamu ili shaba isipenye, juu yake ukaja utando mwembamba wa shaba wa kuanzia, kisha kisahani kizima cha silikoni kikatumbukizwa katika maji ya mrututu na asidi, umeme ukapitishwa.

Matangazo yaliisifu shaba. Mimi ningelisifu lile beseni. Mrututu mtupu ungejaza mdomo wa mfereji kabla ya kina chake na kuacha pango katikati ya waya. Wakemia wakatia dawa mbili kwa vipimo vidogo mno: moja huizuia shaba juu, nyingine huihimiza chini, na mfereji ukajaa kuanzia kwenye sakafu yake.

Shaba iliyofurika ikasuguliwa kwa uji wa chembe ngumu. Kusugua kwa tope katika jengo ambamo hata vumbi limepigwa marufuku! Bado hunichekesha.

Chipu hizo zilianza kuuzwa 1998. Leo tatizo ni ule ukuta wa tantalamu: waya hukonda, ukuta haukondi kwa kiasi hicho, na nafasi ya shaba inaliwa. Ndiyo maana Intel, katika teknolojia yao ya nanomita 10, waliiweka shaba kando kwenye tabaka za chini kabisa na kutumia kobalti.