Ni kopi? Na kisha?

Bandugu wenzangu, kwetu mtu akitaka kuangusha kazi yako anasema neno moja tu: "Ni kopi!" Mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi. Sanamu moja ya shaba imenifanya nijiulize.

Ni kijana mwanamichezo wa Kigiriki. Mwaka 1999 alitolewa chini ya bahari karibu na kisiwa cha Lošinj, Kroatia, mita 45 hivi kwenda chini. Kumbe alikuwa na pacha: mwaka 1896 Waaustria walichimbua huko Efeso, Uturuki, vipande 234 vya shaba, wakaviunganisha. Huyo yuko Vienna. Mkao ni ule ule. Na ile sanamu ya kwanza, originale yenyewe? Haipo. Shaba nyingi za Wagiriki ziliyeyushwa, zikafanywa vitu vingine. Zilizobaki ni kopi, na bila hizo tusingemjua kijana huyu.

Sasa mwangalie. Hakimbii, hashangilii. Mchezo umekwisha. Ameinamisha kichwa, anasafisha kile chuma walichotumia kukwangua mafuta, jasho na vumbi mwilini. Yule wa Lošinj midomo yake ni ya shaba nyekundu, inaonekana kama ina damu. Mimi nimemwona kwa picha kwenye telefone tu, yaani kopi ya kopi, na bado utulivu wake umenifikia. Wachongaji wengi wangechagua ushindi. Huyu alichagua dakika ambayo hakuna anayepiga makofi.

Tena kopi hii si ya mvivu. Fundi alichukua umbo kwa kalibu, akalijaza nta, akarekebisha nta kwa mkono wake, akaifunika udongo, akaichoma itoke, ndipo akamimina shaba iliyochanganywa na bati. Kisha akaunga vipande, akavisugua. Asiyejua mwili wa mtu angeharibu kila hatua.

Hapo ndipo naona tofauti. Kuna mwanafunzi anayechukua TFC ya mwenzake, anabadilisha jina na mwaka, halafu mbele ya jury hawezi kueleza hata ukurasa mmoja. Hiyo nayo ni kopi, lakini mkono wake haukujifunza kitu. Tusizitie zote katika gunia moja.

Mimi ni mtoto wa Basoko, pale Aruwimi inapoingia mto Congo. Kwetu mzee anachonga mtumbwi kwa kufuata umbo la mtumbwi aliomwachia babu yake. Sijasikia mtu akimwambia "ni kopi". Tunausukuma majini, tunapanda, tunangoja kuona kama utaingiza maji.

Ninyi mnasemaje? Mara ya mwisho ulipomwambia mtu "ni kopi", uliiangalia kazi yake kwanza?