'Tia mafuta': Agizo fupi lenye hasara ndefu

SENTENSI ninayotaka kuihakiki wiki hii ina maneno mawili tu: "Tia mafuta." Kwa cherehani ya nyanya yako huenda haina neno. Lakini siku hizi kuna vijana, na hata watu wa rika langu, wanaojiundia nyumbani mashine ndogo za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta. Hapo agizo hilo linaweza kumtia mtu hasara.

Hebu tuitazame mashine yenyewe. Ina reli za chuma ambazo vigari hupita juu yake, na parafujo ndefu ambayo ikizunguka huisukuma nati mbele na nyuma. Ndani ya nati mna gololi ndogo zinazobiringika kwenye mfereji wa parafujo. Zikifika mwisho hurudishwa mwanzo kwa njia yao maalumu. Vigari navyo vina gololi zake. Baina ya gololi na chuma sharti pawe na utando mwembamba wa oili au grisi. Ukikosekana, chuma husagana, vijishimo hutokea, na usahihi wa mashine huenda na maji.

Sasa basi, tia mafuta. Mafuta gani? Tumelibebesha neno hili mzigo mzito: ya kupikia, ya taa, ya kujipaka, ya gari. Jikoni muktadha hutuokoa, kwani mpishi hahitaji kuambiwa asikaangie vitunguu mafuta ya taa. Mgeni wa mashine hana muktadha huo. Atachukua kilicho karibu: mafuta ya kupikia, ambayo hunata kadiri siku zinavyopita, au kopo la WD-40. Dawa hiyo, iliyobuniwa San Diego, Marekani, mwaka wa 1953, imepewa jina kutokana na kazi ya kufukuza maji. Kwa unyevu ni nzuri. Ukiinyunyizia parafujo ya gololi, huosha grisi iliyokuwamo na kuacha utando hafifu usiodumu.

Kuna mtego mwingine. Reli mpya aghalabu hufika zikiwa zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu safarini. Mnunuzi anagusa, kidole kinateleza, anasema, "Ah, hizi zishatiwa mafuta." Kwa lugha, hajakosea hata chembe. Kwa ufundi, anawasha mashine isiyo na grisi.

Wapo watakaopendekeza "kilainishi". Sina ugomvi mkubwa nalo, ila linavuta mawazo kwenye kulainisha nguo au ngozi, ilhali hapa chuma kinabaki kigumu vilevile na kinachotakiwa ni kisigusane na chenzake.

Ajabu ni kwamba ukienda gereji yoyote mjini, tatizo hili hulikuti. Fundi akisema oili ni oili, grisi ni grisi, na mafuta ni petroli au dizeli. Ametofautisha vitu vitatu bila kamati ya istilahi! Halafu sisi wa vyuo vikuu tunamkosoa ati "grisi" imetoholewa Kiingereza, tunamrudishia "mafuta mazito". Tunampokonya kisu kikali tunampa butu.

Na grisi yenyewe ina mengi. Ni oili iliyoshikiliwa na kitu kinachoizuia kutiririka, mara nyingi sabuni ya lithiamu. Ugumu wake hupangwa kwa namba za NLGI, kuanzia 000 iliyo majimaji hadi 6 iliyo ngumu kabisa. Namba 2, mfano wa siagi ya njugu, ndiyo itumikayo sana. Wapendao oili hutafuta yenye alama ISO VG 68. Namba hiyo ni kipimo cha mnato katika nyuzijoto 40.

Agizo hilo ningeliandika hivi: "Pangusa mafuta ya kuzuia kutu. Penyeza grisi ya lithiamu namba 2 kwenye kitundu cha nati, kidogo kidogo, huku ukiisogeza nati kutoka mwisho hadi mwisho. Fanya vivyo hivyo kwa kila kigari. Usichanganye grisi za aina mbili."

Nimechagua "penyeza" makusudi. Ukiandika "paka", msomaji atairemba parafujo kwa nje ing'ae kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na gololi mle ndani zisipate kitu.