Salopeti Iliyotafunwa na Asidi

Goti la kushoto la salopeti ya mdogo wangu halikuwa na tundu, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Nililishika dirishani saa moja asubuhi, wakati jua linapoingia sebuleni kwetu ghorofa ya tatu, nikaona mwanga unapenya. Lakini kitambaa kilikuwapo: chembamba kama chandarua, buluu yake imepauka, upana wake kama kiganja cha mtoto. Nikakigusa kwa ncha ya mkasi. Kikaachia chenyewe, bila sauti, kama karatasi iliyolowa.

Mdogo wangu anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja hapa Likasi, nisikitaje. Salopeti, ambayo wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wataiita ovaroli, ndiyo ngozi yake ya kazini. Mpya ina bei, naye alikuwa nazo mbili tu. Basi nikachukua kipande cha turubai ngumu nilichokiweka akiba, nikakibandika kwa juu, nikakizungushia mshono wa mashini kwa uzi wa nailoni, mizunguko miwili, nukta zimebanana. Kilipendeza. Baada ya wiki tatu kiraka kikarudi kizima kabisa, kimening'inia kwa upande mmoja, na salopeti imechanika pembeni mwake kwa mstari ulionyooka, kama stempu inavyochanwa kutoka kwenye karatasi yake.

Uchambuzi huu unahusu kiraka cha pili, kile kilichokaa. Sikukibuni mimi. Nilikifundishwa na mama mmoja wa ghorofa ya kwanza ambaye jengo zima linamwita Kambo, jina tunalowapa mabibi na mababu huku Katanga. Alipoiona salopeti hakutazama tundu hata kidogo. Aliweka vidole gumba viwili pembeni mwake, akavuta taratibu, akasikiliza. "Haina kitundu hii, mwana," akasema. "Ni bugonjwa." Katika Kiswahili chetu "haina" ndiyo "si" yenu. Alikuwa ananiambia kwamba ninachokiona si tundu, ni ugonjwa, na mgonjwa ni kitambaa chote cha goti.

Ugonjwa wenyewe una historia ndefu mjini hapa. Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi 1966, ni mji wa shaba na pia ni mji wa asidi. Kiwanda cha Shituru, kilichoanza 1929 chini ya Union Minière du Haut-Katanga na baadaye kikawa cha kampuni ya serikali, Gécamines, kinafanya kazi kwa njia ambayo kila mtoto wa kambi za wafanyakazi ameisikia mezani: madini ya shaba yanayeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha umeme unapitishwa ndani ya maji hayo ili shaba ijishike kwenye bamba. Penye asidi pana matone, na penye matone pana nguo zilizotobolewa.

Pamba ni selulosi, minyororo mirefu sana ya sukari iliyoshikana. Asidi hukata minyororo hiyo. Tone likidondoka gotini halifanyi kitu kinachoonekana mara moja. Maji yake hukauka, asidi haikauki. Inabaki pale, inazidi kuwa kali kadiri maji yanavyopungua, na inaendelea kukata kimyakimya. Ndiyo maana watu huapa kwamba nguo iliharibiwa na sabuni: imeingia kwenye beseni ikiwa nzima, imetoka na matundu. Sabuni haina hatia. Iliondoa tu kilichokwisha kufa.

Salopeti nyingi za siku hizi si pamba tupu, ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Poliesta haijali sana asidi ya kiasi hicho. Kwa hiyo pamba huliwa na poliesta hubaki, na hapo ndipo inapotokea ile sura ya chandarua niliyoiona dirishani. Wenye viwanda vya vitambaa hufanya jambo hilohilo makusudi: hupaka kemikali yenye asidi juu ya kitambaa mchanganyiko kwa kufuata maua waliyoyachora, pamba inaungua, yanabaki maua yanayopenyeza mwanga, na gauni linauzwa ghali. Kwa goti la fundi wa kiwandani hakuna anayelipia urembo huo. Ukitaka kujua salopeti yako ni ya aina gani, chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya pindo uzichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja na kuacha kishanga kigumu cheusi. Mchanganyiko unaacha vyote viwili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya Kambo haikuwa sindano. Ilikuwa bikarboneti, ileile watu wanayotupia kwenye sufuria ya maharage. Kijiko kimoja cha kulia chakula katika lita moja ya maji, goti likazamishwa, nasi tukainama kutazama. Vipovu vidogo vikapanda kutoka kwenye mshono wa pembeni, mahali ambapo mimi nisingeshuku kitu. Asidi ilikuwa bado imo, imejificha kwenye mikunjo. Povu lilipoisha tukasuuza. Mpaka hapo pasi ni marufuku, kwa sababu joto huiharakisha asidi, nami mara ya kwanza nilikuwa nimepiga pasi vizuri kabisa kabla ya kushona. Na tuelewane: bikarboneti haimponyi aliyekwisha kufa. Inazuia tu asife mwingine.

Kambo alijifunza kushona fuaye, huko Panda, hapahapa Likasi. Wasomaji wa nje ya Kongo huenda hawalijui neno hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha polepole kuleta vijana kwa mikataba mifupi na kuwarudisha vijijini. Iliona faida zaidi kumweka mfanyakazi kambini na mke na watoto, na mposho wa chakula ukigawiwa kwa familia. Mke akawa sehemu ya hesabu ya kampuni, akapelekwa shule ya kwake: fuaye, ambako alifundishwa kupika, kulea, kupiga pasi, kushona na kutia viraka. Fuaye za namna hiyo zilienea katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika mwaka 1990 kuhusu ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, na anayemsoma ataona wazi kwamba kiraka kilikuwa somo la tabia kabla ya kuwa somo la sindano. Mke mwema ni yule ambaye suruali ya mumewe haina tundu.

Mimi silipendi wazo hilo, na nilimwambia Kambo. Alicheka. Yeye anakumbuka kwamba baada ya shaba kuporomoka miaka ya 1990, mishahara ilipokuwa haiji, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondolewa katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, nyumba nyingi zilikula kwa mikono ya wanawake: bustani, biashara ndogo, mashini ya kushona. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ana kitabu kizima kuhusu familia hizo, watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Kwa Kambo, somo lililokusudiwa kumfanya mke mtiifu liliishia kumfanya mwenye nyumba. Tukaliacha hapo, tukarudi gotini.

Alichukua kipande cha sabuni iliyokauka, kikali pembeni, akachora mpaka wa kitambaa kilicho hai. Kipimo chake ni kile cha vidole gumba: unavuta kwa mtande, kisha kwa mshindio, sentimita kwa sentimita ukitoka kwenye tundu. Kitambaa kilichokufa kinatoa mlio mkavu na nyuzi zinaachana. Kilicho hai kinavutika kidogo, kinarudi. Mpaka ulipokamilika, tundu langu la kiganja cha mtoto lilikuwa na eneo la sahani ya chai kulizunguka. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa kimeshonwa chote ndani ya sahani hiyo. Nilishona kitu kizima juu ya maiti.

Kosa langu la pili lilikuwa nguvu. Turubai ilikuwa imara kuliko salopeti, nailoni imara kuliko vyote, na nukta za mashini zilikuwa nyingi mno. Kila nukta ni tundu. Ukizipanga karibu karibu kwenye mstari mmoja, umekichimbia kitambaa mfereji wa kuchanikia. Goti linapokunjwa, kiraka kigumu hakikunjiki, basi mvuto wote unaangukia pembeni, kwenye mfereji huo. Sheria ya Kambo ni kwamba kiraka kiwe dhaifu kidogo kuliko nguo, na uzi uwe dhaifu kuliko kiraka. Kikichoka, uzi ukatike kwanza. Uzi unanunulika.

Kiraka kipya tulikikata kutoka mgongoni mwa salopeti iliyokwisha kustaafu, sehemu isiyochakaa sana. Imefuliwa mara nyingi, haitapungua tena, na umri wake unalingana na wa goti. Tulikiweka kwa ndani, sentimita mbili na nusu nje ya mpaka wa sabuni kila upande, mtande ukifuata mtande. Salopeti hufumwa kwa mistari ya mshazari, kwa hiyo ni rahisi kukagua: mistari ya kiraka na ya goti lazima iinamie upande mmoja. Pembe tulizikata ziwe za duara, maana pembe kali ndiyo inayonasa na kunyanyuka.

Mguu wa salopeti hauingii chini ya mkono wa mashini, labda ufumue mshono mmoja wa ubavuni. Ukifumua, fumua ule mwepesi. Ule uliokunjwa mara mbili na kupigwa mistari miwili, ambao kwa kawaida uko upande wa ndani wa paja, uache, utajuta. Sisi hatukufumua kitu. Mashini ya miguu ya Kambo husikika mpaka kwa jirani wa chini, naye hujibu kwa mti wa fagio kwenye dari, hata Kambo akishaweka blanketi lililokunjwa chini ya miguu ya mashini. Tulishona kwa mkono, jioni, umeme umekatika, na sindano haina kelele. Ndani ya mguu tuliingiza kifuniko cha sufuria ili nisishone mbele na nyuma pamoja. Nilishawahi kufanya hivyo. Ni aibu ndogo inayompata kila mtu mara moja.

Kwanza bandi, uzi mweupe, hatua ndefu, ili kiraka kisihame. Kisha mistari ya kushona kwa kupenya na kutokea, nusu sentimita kati ya mstari na mstari, kutoka ukingo hadi ukingo wa kiraka, ikipita juu ya kitambaa kilichokonda chote. Wajapani wa kaskazini walikuwa wakiimarisha nguo zao za kazi hivyohivyo, nao huita sashiko. Mambo mawili yanaamua. Mstari mmoja uanzie mbele, unaofuata nyuma kidogo, ili ncha zisijipange na kuzaa mfereji ule wa kwanza. Na kila ukigeuza sindano mwishoni mwa mstari, acha kijitanzi kidogo cha uzi. Usikivute. Uzi utafuliwa, utapungua, nao utatafuta mahali pa kupungulia. Usipouachia kijitanzi utalikunja goti zima kama mdomo wa mfuko.

Hapa ndipo tulipotofautiana. Kambo alitaka uzi wa pamba, kwa sheria yake ya udhaifu. Nikamwambia mdogo wangu anarudi kulekule kwenye matone, na uzi wa pamba ndio utakaoliwa kwanza. Kwenye salopeti ya dereva yeye ana haki. Kwenye ya mtu wa asidi, sheria inabidi ipinde. Tulikubaliana: poliesta nyembamba, uzi mmoja usiokunjwa, hatua ndefu za milimita nne, bila kubana. Udhaifu tuliutafuta kwenye mkono badala ya kwenye uzi. Alikubali akinuna, akaupaka uzi nta ya mshumaa usifungamane, akanirudishia sindano.

Kazi ilichukua jioni tatu. Nusu ya muda ilikwenda kwenye maji, kwa sababu ndoo hupanda ngazi kwa mkono na kusuuza bikarboneti kunataka ndoo mbili. Kukausha tulikausha kwenye ukingo wa roshani, salopeti imegeuzwa ndani nje kwa ajili ya vumbi jekundu la kiangazi.

Miezi minne imepita. Mistari miwili imekatika, yote upande wa nje wa goti, nami nimeirudishia kwa dakika kumi nikiwa nimeketi ngazini. Kiraka hakijasogea. Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja na suruali tatu za wenzake ndani ya mfuko, akaniuliza ninatoza franga ngapi. Nikampeleka kwa Kambo. Alizitoa moja moja na kuzivuta kwa vidole gumba, ya kwanza, ya pili. Ya tatu aliivuta mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kiti chake.

"Hii njo yetu ya kukatia viraka," akasema.