Mwezi, Kusi na Nyanya: Familia ya Likasi Ilivyopanga Likizo ya Pwani

Agosti 2025 familia moja ya komine ya Panda, hapa Likasi, ilikwenda kukaa Jambiani, kijiji cha wavuvi kusini mashariki mwa Unguja. Walikuwa watu saba, kuanzia nyanya mwenye miaka zaidi ya sabini hadi kitinda mimba wa miaka minne. Walirudi wamepumzika. Nililiomba daftari lao la maandalizi kwa sababu jambo hilo ni nadra kwetu. Watu wa Katanga husafiri sana, lakini kwa biashara, harusi, matanga au matibabu. Safari ya kukaa tu mahali na watoto hatujaizoea, na anayeijaribu huijaza shughuli mpaka anarudi amechoka kuliko alivyoondoka.

Kurasa za kwanza za daftari hilo zimejaa mistari ya kufuta, na ninaamini kazi yote ilifanyika hapo.

Jina la kwanza kufutwa ni Tshangalele. Lilifutwa kwa uchungu, maana ndilo ziwa letu. Lilitokana na bwawa la Mwadingusha, lililozuia mto Lufira ili umeme ufike kwenye migodi na matanuru ya Union Minière. Tangu 1930 maji yale yamewapa watu wa Kapolowe samaki na watu wa Likasi mahali pa kwenda Jumapili. Kwa siku moja panatosha kabisa. Kwa juma zima, watoto wakiwa majini kutwa, baba aliandika sababu mbili za kukataa: kichocho, na mito inayopita kwenye viwanda vyetu vya madini kabla ya kuishia Lufira. Namuunga mkono. Ni huzuni kwamba mji wenye ziwa mlangoni unalazimika kutafuta maji safi ya watoto wake umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja, na jambo hilo linastahili makala yake.

Kilichofutwa cha pili ni treni. Baba aliitamani TAZARA tangu utoto: kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kwa upana uleule wa reli yetu ya Katanga. Lakini treni hiyo huchelewa, na mpango wao, kama tutakavyoona, ulitegemea kufika siku fulani. Basi la Lubumbashi hadi Dar nalo lingewapitisha Kasumbalesa katikati ya foleni za malori ya shaba, kisha Nakonde na Tunduma, karibu kilomita 2,000 za kukaa kitini. Nyanya alisema magoti yake hayaendi huko. Wakachagua ndege ya kutoka uwanja wa Luano hadi Dar kupitia Nairobi, ghali kuliko yote, na mama akailipia sehemu kubwa kwa zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, aliyoipokea Juni.

Ili fedha zitoshe, miji mingine yote ilifutwa. Bagamoyo ikaondoka, Mji Mkongwe ukabaki wa kupita tu. Ugumu ulikuwa soko la Kariakoo. Mtu wa Katanga kufika Dar bila kununua bidhaa ni kama mvuvi kupita ziwani bila kutupa wavu, na shangazi, aliye mfanyabiashara, alikuwa na orodha yake tayari. Mama hakubishana naye kuhusu biashara, aliitenga. Shangazi angebaki Dar peke yake, asafirishe mizigo yake kwa njia zake, na wengine wavuke bila furushi hata moja. Huu ndio uamuzi ninaoupenda zaidi katika daftari zima. Biashara ikiingia ndani ya likizo, kila asubuhi kuna mtu anayesubiriwa na simu inayolia, na watoto wanaona wazi kwamba wakubwa hawapo.

Tarehe nazo ziliwekwa na nyanya, ingawa yeye mwenyewe hakukusudia. Tarehe 1 Agosti ni Sikukuu ya Wazazi nchini kwetu, na asubuhi hiyo yeye huenda makaburini kusafisha kaburi la mumewe. Tarehe 15 ni Kupalizwa kwa Bikira Maria, naye haikosi misa ya parokia. Shule zingefunguliwa 1 Septemba, na wiki mbili za mwisho ni za sare, madaftari na ada. Kwa hiyo nafasi ilikuwa kati ya tarehe 2 na 14. Wengine wangeona hilo ni pingu. Mimi naona liliwaokoa, kwa sababu kila swali lililofuata lilikuwa na mipaka.

Ndani ya mipaka hiyo wakaitafuta bahari, na hapo mama alifanya kitu ambacho wasafiri wengi wa bara hawakifanyi: aliuliza maji yanajaa saa ngapi.

Anayesoma vitabu vya likizo za Ulaya hasomi habari hizo. Fikiria kijiji cha pwani ya Ugiriki, ambako Agosti miji hupungua watu na familia hurudi vijijini, hasa kuelekea hiyohiyo tarehe 15. Bahari ya Mediterania hupwa na kujaa kidogo sana, kiasi kwamba mtoto huoga palepale asubuhi na jioni. Kinachowasumbua wapangaji wa kule ni upepo wa kaskazini uitwao meltemi, unaovuma kwenye visiwa vya Aegean wakati wa kiangazi chao. Wao huchagua ufuko uliokingwa na kilima, na mpango umekwisha. Unguja ni tofauti. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwenye pwani ya mashariki, ambako mwamba uko mbali na sakafu ya bahari ni karibu bapa, maji yakipwa mgeni huona mchanga, mwani na vidimbwi hadi mbali sana. Watu wengi hufika Jambiani asubuhi ya bamvua, wakadhani wameuziwa bahari isiyokuwapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa sana kwenye saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ya kupwa na kujaa inakuwa kama mita moja, na maji hujaa kwenye saa nne asubuhi. Kila siku saa husogea mbele, kwa kawaida kama dakika hamsini. Mwaka 2025 mwezi ulikuwa nusu tarehe 1 Agosti na mpevu tarehe 9. Mama akachora mstari: wakifika Jambiani tarehe 4, wangekuta maji yasiyokimbia mbali, yakijaa karibu na saa sita mchana, na kuanzia hapo yangejaa baadaye zaidi kila siku, hadi saa kumi alasiri siku za mpevu. Yaani kwa kukaa kwao kote, bahari ingekuwa tele baada ya chakula cha mchana, na kuanzia tarehe 8 asubuhi zingekuwa za kutembea juu ya mchanga uliokauka.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku za kwanza watoto wasiojua kuogelea walizoea maji ya kiunoni yasiyobadilika upesi, baba akiwa nao. Bamvua ilipokuja walikwisha kuiheshimu bahari, na asubuhi walitoka na ndala ngumu, kwa sababu ya viumbe wenye miiba, kuwatazama akina mama wa kijiji kwenye mashamba ya mwani, kilimo ambacho kimekuwa kazi ya wanawake wa pwani hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Walikatazwa kabisa kukanyaga kamba za mwani. Ratiba haikuwa na tukio lingine.

Kuna hoja ya kweli dhidi ya Jambiani: kusi. Upepo huo huvuma Agosti kutoka kusini mashariki, moja kwa moja usoni mwa kijiji. Nungwi na Kendwa, kaskazini, zimekingwa zaidi, na watu huogelea huko wakati wowote. Kwa vijana wanne wanaotaka maji ya kina, ningewaambia waende huko bila kusita. Kwa familia hii kusi ilikuwa faida. Sisi ni watu wa nyanda za juu. Nyanya hawezi joto la Januari la pwani, lakini Agosti alikaa barazani amejifunga kikwembe chake, akapunga upepo. Pia Jambiani bado ni kijiji chenye watu wake, misikiti na shule, na mama hakuwa na wasiwasi wa mavazi wala kelele za usiku.

Walipanga nyumba yenye jiko badala ya hoteli. Hilo lilipunguza gharama, lakini uzito wake uko kwingine: nyanya alipata kazi anayoipenda. Alinunua samaki kwa wavuvi wenyewe ngalawa zinaporudi, kwa Kiswahili chake cha Katanga, akasonga bukari kwa sembe ya dukani. Mzee asiye na la kufanya nyumbani kwa wengine hapumziki. Hungoja siku ya kurudi.

Makaratasi nayapita haraka, isipokuwa moja. Atokaye Kongo hudaiwa kadi ya homa ya manjano akiingia Tanzania. Chanjo hutambuliwa baada ya siku 10, na tangu 2016 cheti hudumu maisha yote. Hivyo wakubwa walihitaji kutafuta kadi zao tu, na kitinda mimba akachanjwa Juni. Pasipoti zilibaki mkobani hata kwenye boti, maana bandari ya Zanzibar ina ukaguzi wake.

Boti walichukua ya asubuhi, kabla kusi haijachafua mkondo, na walirudi tarehe 12, kwa makusudi, ili msongamano wa sikukuu ya Nane Nane na mwisho wake wa juma uwe umekwisha. Tarehe 14 walikuwa Panda.

Wanaotaka kuiga mwaka 2026 wasinakili tarehe hizi. Mwezi utakuwa nusu tarehe 6 Agosti na utaandama tarehe 12, kwa hiyo mpangilio uleule wa maji utapatikana kwa kufika kijijini tarehe 8 au 9. Wenye misa ya tarehe 15 watalazimika kuisali Zanzibar, au kukaa siku chache kuliko familia hii.